Ndege na Haki ya Maiti

Ukimuuliza kijana wa Eastleigh au Buruburu masafa ya kutoka Nairobi hadi New York, hatakutajia kilomita 11,800. Atakwambia, "Ni usiku mmoja tu." Wala hasemi uongo. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, safari yenyewe ni kama saa 14 au 15 hewani. Na uwanja uko papa hapa Embakasi, ulikofunguliwa mwaka 1958, jirani na mitaa yetu ya Mashariki.

Basi watu wamedhani kuwa masafa yamekwisha. La, wasomaji wapenzi. Siku ya msiba hujitokeza yakiwa vile vile.

Natufanye hesabu. Mama wa Kiislamu afariki Pumwani saa kumi na moja alfajiri. Mwanawe yuko New York, na kule ni saa tatu au nne ya usiku uliotangulia. Hata lau angekuta ndege inamngoja yeye peke yake, angetua Embakasi saa moja au mbili usiku. Nasi sunna yetu ni kuharakisha maziko. Aghalabu jeneza husaliwa baada ya adhuhuri au alasiri, na kabla ya magharibi maiti amekwisha sitiriwa. Hiyo ni ndege ya kudhania. Ndege ya kweli ina siku yake na saa yake, na nauli yake hutafutwa kwa jasho. Fauka ya hayo, wako wana wetu ambao wakitoka huko hawana hakika ya kuruhusiwa kurudi.

Hapo ndipo huzuka shauri la kumweka maiti mochari hadi mwana afike. Kwa maoni yangu, shauri hilo halifai. Aliye mbali hakunyimwa fungu lake: katika madhehebu yetu ya Kishafii iko sala ya ghaibu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomsalia Najashi, mfalme wa Habasha.

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliijua hesabu hii. Walikwenda Arabuni na kusi, wakarudi na kaskazi, na baina ya pepo hizo miezi ilipita bila ya habari. Kwa hivyo hawakupanda chombo ila wamekwisha takana radhi na wazazi, wamelipa deni na kuacha wosia. Sisi leo twaagana mbio mbio mlangoni pa uwanja, kana kwamba mtu aenda Gikomba na jioni atarudi.

Ndege ni neema, na neema hutumiwa kwa wakati wake. Nauli ambayo mwana angeikopa aje kuutazama mchanga wa kaburi, heri aidunduize aje nayo mama yu hai, akae naye, ale chakula chake, apate radhi zake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Naye arudi angali yuko wa kumpokea.