Kutulia si Kupona: Pumu na Mafua ya Mzio Majumbani Mwetu



Hivi karibuni tulifika Kisorya, wilayani Bunda, mahali ambapo barabara itokayo Bunda mjini huishia ziwani na msafiri aendaye Ukerewe hupanda kivuko kuelekea Rugezi. Baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja alitutolea inhela ya rangi ya buluu, ile ambayo wengi huiita pampu, ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga kama fedha ya akiba. Inhela hiyo hutumiwa na mwanawe wa miaka 9, na shangazi wa mtoto naye huazima siku kifua kinapombana. "Alhamdulillahi, ndugu zangu, hii ndiyo inayotuvusha," alituambia. "Akivuta mara mbili tu, anatulia." Tulipomwuliza mtoto huvuta mara ngapi kwa wiki, alijibu kwamba siku hizi ni kila usiku.

Jawabu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Mama yule aliitaja dawa ya kila usiku kuwa ni neema, na kwa hakika imemwokoa mwanawe mara nyingi. Lakini kwa tabibu wa pumu, mtoto anayehitaji dawa ya kutuliza kila usiku ni mtoto ambaye ugonjwa wake haujadhibitiwa hata kidogo.

Tuanze na namna ugonjwa wenyewe ulivyo. Ndani ya mapafu mna mirija ya hewa inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huwa zimevimba, mara nyingi hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Akikutana na kitu kinachomchochea, misuli inayoizunguka mirija hukaza, ute huongezeka, njia husinyaa, na hewa hupita kwa shida ikitoa mlio kama wa filimbi. Salbutamol, dawa iliyomo katika inhela ya buluu, huilegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, lakini uvimbe hauuondoi. Mgonjwa hutulia akadhani amepona, ilhali ugonjwa unaendelea kimyakimya, na shambulio lijalo laweza kuwa kubwa kuliko dawa aliyo nayo mkononi.

Dawa inayoupunguza uvimbe ni nyingine. Nayo ni steroidi ya kuvuta, kama vile beclometasone au budesonide, na imekuwapo duniani tangu miaka ya 1970. Haitulizi papo hapo, na hiyo ndiyo sababu wengi huiacha baada ya siku chache wakisema haifanyi kazi. Kazi yake huonekana baada ya kutumiwa kila siku kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa, pale usiku unapopita bila kikohozi na mtoto anapocheza mpira na wenzake bila kukaa pembeni.

Tafiti za miaka ya karibuni zimelikazia jambo hili. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 3,849 wenye pumu isiyo kali, wa umri wa miaka 12 na zaidi. Waliotumia inhela yenye mchanganyiko wa budesonide na formoterol kila walipobanwa walipata mashambulizi makali machache kwa asilimia 64 kuliko waliotegemea dawa ya kutuliza peke yake. Waliotumia budesonide kila siku nao walikingwa kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Mwaka uliofuata, 2019, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lijulikanalo kama GINA lilibadili mwongozo wake: mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe pumu kwa dawa ya kutuliza peke yake. Kwa watoto wadogo zaidi, mtabibu ndiye anayepanga aina na kipimo, lakini msingi ni uleule, kwamba uvimbe utibiwe.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika utafiti wa watoto wa shule uliofanyika katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwamo, takriban asilimia 12 walionekana kuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni mmoja tu katika kila watano aliyewahi kuambiwa na mtabibu kwamba ana ugonjwa huo. Kwa anayeishi Kisorya, na zaidi kwa anayeishi ng'ambo visiwani, usiku wa shambulio kubwa ni usiku wa kutafuta chombo cha usafiri kwanza na daktari baadaye. Kinga ina thamani kubwa zaidi kwa aliye mbali na hospitali.

Sasa tuvitazame vichochezi vya nyumbani. Moshi wa kuni na wa kubanikia samaki, vumbi la barabara na la dagaa waliokaushwa, baridi ya alfajiri, mafua ya kawaida, vyote hivi huweza kuamsha pumu. Wako pia wale wadudu wadogo wa ziwani ambao majira fulani hupanda juu ya maji kama wingu la moshi. Kule Sudan, kandokando ya mto Nile, watafiti walithibitisha zamani kwamba wadudu wa ukoo huo husababisha mzio unaoleta pumu na mafua kwa watu wengi. Basi mzazi anayeona mwanawe anabanwa kila wadudu wale wanapotua asimwambie anadeka. Afunge madirisha, azime taa ya nje inayowavuta, na amweleze mtabibu.

Kuna kichochezi kimoja kinachotuhusu sisi Waislamu zaidi, nacho ni udi na ubani. Tunaupenda moshi wake siku ya Ijumaa, katika maulidi, harusini na wageni wanapobisha hodi. Mwaka 2009 watafiti wa Oman walichapisha uchunguzi wao juu ya buhuri na pumu ya watoto. Hawakuona kwamba kufukiza kunaongeza idadi ya wenye pumu. Hata hivyo, kwa watoto ambao tayari wana pumu, asilimia 38 walikuwa wakianza kubanwa kwa sababu ya moshi huo. Hatusemi udi uharamishwe. Tunasema nyumba yenye mgonjwa ifukizwe mgonjwa akiwa nje, madirisha yakiwa wazi, au harufu nzuri itafutwe kwa njia isiyo na moshi. Na kumfukiza mtoto aliyebanwa kifua ili "afunguke" ni kumwongezea mzigo.

Tusiisahau pua. Mtoto anayepiga chafya mfululizo kila asubuhi, anayetokwa na makamasi mepesi kama maji, anayejikuna pua na macho, huambiwa ana mafua yasiyokwisha. Mara nyingi hayo ni mafua ya mzio. Tangu mwaka 2001 mwongozo wa kimataifa uitwao ARIA umesisitiza kwamba pua na mapafu ni njia moja ya hewa: mwenye pumu achunguzwe pua, na mwenye mafua ya mzio achunguzwe kifua. Pua isiyotibiwa huifanya pumu iwe ngumu kudhibitiwa. Zipo dawa za kupuliza puani zenye steroidi na vidonge vya mzio visivyoleta usingizi mwingi. Kuisafisha pua kwa maji ya chumvi huweza kusaidia pia, mradi maji yawe yamechemshwa yakapoa, yasiwe ya kuchotwa ziwani moja kwa moja.

Wengine watasema: dawa tunaipata, lakini mtoto hawezi kuivuta. Ni kweli, kwani mtoto akibonyeza inhela mdomoni, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti wa watoto 88 wa miaka 5 hadi 13 waliokuwa wamebanwa na pumu. Walilinganisha kifaa cha dukani cha kuvutia dawa na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita. Chupa ile, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Mtoto huweka midomo yake kwenye mdomo wa chupa, mzazi hubonyeza mara moja, kisha mtoto hupumua taratibu mara kadhaa. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Mwombeni mhudumu wa zahanati awaelekeze mara ya kwanza. Na baada ya dawa ya steroidi, mtoto asukutue maji na kuyatema.

Yapo maneno yanayowazuia watu kutibiwa. Husemwa kwamba aliyeanza pampu hataiacha maisha yake yote, au kwamba binti akionekana nayo hataolewa. Inhela haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Anayeitumia daima ni yule ambaye ugonjwa wake ni wa kudumu, na kipimo hupunguzwa pumu inapodhibitiwa. Tena dawa ya kuvuta huenda mapafuni moja kwa moja kwa kiasi kidogo, wakati vidonge vya salbutamol huchelewa kufanya kazi na huleta zaidi mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mikono.

Mwezi mtukufu wa Ramadhani nao una suala lake. Wanavyuoni wametofautiana iwapo inhela inabatilisha saumu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliahirisha uamuzi juu yake. Sisi si wenye kutoa fatwa. Kila mmoja amwulize shekhe wake. Tunalojua ni kwamba dawa ya kinga hutumiwa aghalabu mara mbili kwa siku, hivyo huweza kuvutwa wakati wa daku na wakati wa futari, na aliyedhibitiwa vyema hubanwa mchana kwa nadra. Akibanwa, avute dawa yake bila kusita. Allah (s.w.) ametoa ruhusa kwa mgonjwa katika Suratul Baqara, aya ya 185, alipe siku nyingine. Pumzi ni amana, na kuihatarisha hakumwongezei mtu daraja.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, ambaye midomo inabadilika rangi, au ambaye dawa ya kutuliza haimsaidii, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kupewa dawa hiyo njiani kama alivyoelekezwa na mtabibu.

Tulipoagana na yule mama wa Kisorya, tulimwomba mambo matatu: ampeleke mtoto kituo cha afya na kumweleza mtabibu idadi ya usiku anaobanwa, aulize kwa jina lake dawa ya kupunguza uvimbe, na shangazi mtu apimwe apate dawa yake mwenyewe. Aliifunga tena inhela katika pindo la khanga, akasema, "Kumbe nilikuwa nashukuru kwa jambo la kushtakia." Tunamwombea mwanawe, na wote wanaokesha wakihesabu pumzi za watoto wao, Allah awape shifaa. Amin.