Mgonjwa Anayeambiwa Afanye Mazoezi Aoneshwe na Njia

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la juu la damu kuna agizo moja linalotolewa kila siku bila kumgharimu anayelitoa: "Fanya mazoezi." Dawa ikiandikwa, ipo famasia ya kuitoa. Kipimo kikiagizwa, ipo maabara ya kukifanya. Agizo la mazoezi peke yake humwacha mgonjwa mlangoni, ajitafutie mwenyewe mahali pa kulitimiza. Katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, mara nyingi mahali hapo huwa ni ukingo wa barabara nyembamba yenye kona kali, ambako lori la mboga, basi dogo na bodaboda hugombea nafasi na mtembea kwa miguu.

Agizo lenyewe ni sahihi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya nguvu ya wastani, na ushauri huo unawahusu pia wanaoishi na shinikizo la juu la damu na kisukari cha aina ya pili. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu, na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Mazoezi ya kutembea haraka au kuendesha baiskeli, yakifanywa kwa mfululizo wa wiki nyingi, hushusha shinikizo la mgonjwa kwa wastani wa milimita 5 hadi 8 za zebaki, kiasi ambacho tabibu hawezi kukibeza. Kwa mwenye kisukari, msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na faida hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya mtu kupumzika.

Tatizo lipo barabarani. Ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Barabara ya lami itokayo Mombo hupanda karibu mita 1,000 kabla ya kufika Lushoto, ikijipinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Kumtuma huko mgonjwa wa miaka 55 na baiskeli yake, asubuhi yenye ukungu, ni kumtoa katika hatari ya pole pole na kumtia katika hatari ya ghafla. Wagonjwa wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi huitikia agizo kwa heshima, kisha hurudi nyumbani wakakaa.

Ilhali milima hiyohiyo ina njia nyingine. Katika mashamba ya miti ya Shume, na pembezoni mwa misitu ya hifadhi kama Magamba, zipo barabara za udongo na changarawe zilizofunguliwa kwa ajili ya kusafirisha magogo na kufanya doria. Siku nyingi hazina gari hata moja. Zina kivuli, hewa safi na utulivu. Tena zina sifa moja ambayo tabibu anapaswa kuithamini: ziliwekwa kwa kuzingatia lori lenye shehena, na lori lenye shehena haliwezi kupanda ukuta. Kwa hiyo huzunguka mlima badala ya kuukabili, na mpando wake huwa wa taratibu. Mpando wa namna hiyo humfaa mtu ambaye moyo wake unaanza kuzoezwa upya.

Baiskeli nayo ina nafasi yake. Tandiko hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, hivyo mwenye magoti yaliyochakaa, ambaye kutembea mlimani kwamuumiza, aweza kuzungusha pedali kwa nusu saa pasipo maumivu makubwa. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri humlazimu mwendeshaji aende kwa kiasi, aangalie mbele na kuutumia mwili wote kujiweka sawa. Mpando ukimshinda, hushuka akaikokota baiskeli, na dakika hizo za kukokota nazo zinahesabiwa katika zile 150.

Hata hivyo, njia isiyo na magari si njia isiyo na hatari, na mhudumu wa afya anapaswa kulisema hili waziwazi. Mwenye maumivu ya kifua, au ambaye shinikizo lake bado liko 180 kwa 110 au zaidi, atibiwe kwanza kabla ya kupanda baiskeli. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, apime sukari kabla ya kuondoka ikiwa ana kipimo, na mfukoni asikose sukari au glukosi. Anayetumia atenololi au propranololi asitegemee mapigo ya moyo kupima juhudi yake, kwa kuwa dawa hizo huyazuia kupanda. Kipimo chepesi ni mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima huku akiendesha, nguvu ni ya wastani, akilazimika kukata maneno ili avute pumzi, apunguze mwendo. Mtikisiko wa changarawe huweza kuzifanya ganzi zile sehemu za mikono zinazogandamizwa na usukani, basi matairi yasijazwe upepo hadi yawe magumu kama jiwe. Katika mteremko breki zote mbili zishikwe kwa upole, tena kabla ya kona, kwani changarawe iliyolegea haimsamehe anayebana breki ya mbele kwa ghafla. Kofia ngumu ivaliwe hata pasipo gari: mapitio ya tafiti yameonesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa na ubongo kwa waendesha baiskeli walioanguka au kugongwa kwa asilimia 63 hadi 88.

Wazo la kuzitumia barabara za misitu kwa namna hii si ndoto. Katika Schwarzwald, eneo la milima na misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani, barabara za magogo zilizomwagwa changarawe hufungwa kwa kizuizi kinachoyazuia magari ya watu binafsi, huku waendao kwa miguu na kwa baiskeli wakipita. Sheria ya misitu ya nchi hiyo ya mwaka 1975 humruhusu kila mtu kuingia msituni kwa ajili ya mapumziko, na baiskeli huruhusiwa mradi zisitoke katika barabara na njia. Karibu na nyumbani upo msitu wa Karura, jijini Nairobi. Karura si eneo la milima mirefu, lakini somo lake linahusika: msitu ulionusurika kunyakuliwa baada ya mapambano yaliyoongozwa na Wangari Maathai, na ambao hapo awali watu waliogopa kuingia kwa sababu ya uhalifu, leo una zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Yaliyouleta mabadiliko hayo ni uzio, walinzi na ushirikiano wa mamlaka ya misitu na jamii inayouzunguka.

Yupo atakayesema kwamba mtu wa Usambara hapungukiwi na mazoezi, kwa kuwa analima mlimani na kubeba mzigo kichwani. Kwa mkulima, hoja hiyo ina ukweli. Lakini foleni ya kliniki haina wakulima peke yao. Yumo mwalimu, karani, mwenye duka, fundi cherehani, na dereva wa bodaboda anayekaa juu ya tandiko kutwa nzima. Kadiri pikipiki zilivyofika vijijini, ndivyo miguu ilivyopumzishwa, na safari iliyokuwa ya saa moja kwa miguu sasa ni ya dakika kumi kwa nauli.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kufunga barabara huweza kumziba mwenye haki nayo. Mjamzito anayekimbizwa hospitali na mkulima anayewahi soko hawapaswi kukuta mnyororo. Kwa hiyo zichaguliwe zile barabara ambazo magari yana njia mbadala, na ufunguo wa kizuizi uwe mikononi mwa mtu aliye karibu saa zote. Wahifadhi nao wana haki ya kuuliza kama msitu utaumia. Jibu ni kwamba hakuna mti unaohitaji kukatwa. Barabara zipo tayari, na vijia vyembamba vya ndani ya hifadhi viachwe kama vilivyo. Wakati wa masika, udongo unapoteleza na maji kuchimba mifereji, njia ifungwe hadi ikauke.

Liko jambo moja ambalo lisiposemwa mapema litaharibu yote. Milima ya Usambara inajulikana tayari kwa watalii wanaokuja kuendesha baiskeli, nao ni wageni wa kupokewa vizuri. Lakini njia hizi zikipangwa kwa ajili ya mgeni tu, mwenyeji atakuwa mtazamaji katika msitu wake mwenyewe. Kiingilio ambacho ni kidogo kwa msafiri huweza kuwa bei ya chakula cha siku kwa mgonjwa. Pendekezo ni hili: kadi ya kliniki iwe ndiyo tiketi. Mwenye kadi ya kisukari au ya shinikizo la damu aingie bure, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Zitengwe pia asubuhi maalumu zenye mlinzi njiani, ili wanawake, ambao wengi wao hawataingia msituni peke yao na wana sababu za msingi, waweze kuja kwa vikundi. Baiskeli chache zisizo na mtaimbo wa juu, zinazomfaa aliyevaa gauni au kanga, zihifadhiwe kwa zamu katika kituo cha afya kilicho karibu.

Gharama za kuanzia si kubwa: kilomita tano za barabara iliyopo, kizuizi kimoja kila upande, mitaro iliyozibuliwa, mlinzi, na kibao kinachoonesha umbali na mwinuko. Wakala wa Huduma za Misitu una barabara. Halmashauri ina watu na sheria ndogo. Mganga Mkuu wa Wilaya ana orodha ya wagonjwa. Wahenga walisema penye nia pana njia. Huku Usambara njia imetangulia, na kinachosubiriwa ni ofisi hizi tatu kuketi meza moja.

Hadi hapo zitakapoketi, kila mhudumu wa afya aweza kubadili swali lake kuanzia kliniki ijayo. Badala ya kumuuliza mgonjwa kama anafanya mazoezi, amuulize anafanyia wapi. Jibu liandikwe katika faili, pamoja na shinikizo na uzito. Faili mia moja zenye jibu "sina mahali" zikiwekwa mbele ya kikao cha halmashauri, zitakuwa hoja ambayo ni vigumu kuiahirisha.