Maji ya Kampala ni laini, gharama yake ndiyo ngumu

KAMPALA, Uganda

Mkazi wa Unguja au Mombasa aliyezoea maji ya kisima, akihamia Kampala hugundua jambo moja jikoni: birika halishiki ukoko. Kwao visima vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji yake huacha utando mweupe ndani ya sufuria, sabuni huchelewa kutoa povu na nguo hukakamaa zikikauka. Hayo ndiyo maji magumu, yaani yaliyobeba madini ya chokaa kutoka ardhini.

Bomba la Kampala halina shida hiyo. Maji yake hutoka Ziwa Victoria, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe bila kupita kwenye miamba yoyote. Pamoja na ulaini huo, familia nyingi za jiji hili hazinywi maji kabla ya kuyachemsha. Mkaa wa kazi hiyo ni gharama isiyoonekana katika ankara ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC).

Sababu iko kwenye ramani. Mitambo ya Ggaba, iliyobeba jiji kwa miongo mingi, huvuta maji kutoka Ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyohiyo humwagika mtaro wa Nakivubo, unaopita kando ya soko la Owino na viwanda ukikusanya maji ya mvua, majitaka na kila kilichotupwa njiani. Kwa maneno mengine, jiji linachota pale pale linapomwaga.

Zamani kinamasi cha Nakivubo kilisimama katikati kama chujio, mafunjo yake yakinyonya uchafu kabla haujafika ziwani. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa kazi ya kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Tangu hapo sehemu kubwa imegeuzwa mashamba ya magimbi na miwa, viwanda na makazi. Rutuba inayopita sasa huulisha mwani, na ghuba hugeuka kijani.

Mwani huo huziba machujio na kuongeza mahitaji ya dawa. Maji laini nayo yana udhaifu wake: yakitiwa shabu ili uchafu utuame, huchachuka upesi, na yakiachwa hivyo hula mabomba ya chuma na kutoka bombani yakiwa na rangi ya kutu. Katika mitambo ya aina hii dawa yake ya kawaida ni kuongeza chokaa. Kile kinachomkera mwenye kisima Mombasa, wahandisi wa maji ya ziwa hukinunua kwa mifuko.

Yakitoka kiwandani, maji hupita katika mabomba yanayokatiza mitaa ya mabondeni, kando ya mitaro na vyoo vya shimo. Ni chini ya moja ya kumi ya wakazi waliounganishwa na mtandao wa majitaka. Mgao ukikatika na bomba kubaki tupu, tundu dogo linatosha kuingiza uchafu. Wasio na bomba hununua kwa jerikeni au kwenda kwenye chemchemi, ambazo ndizo hatari zaidi. Mwanzoni mwa 2015 Kampala ilikumbwa na homa ya matumbo iliyohusishwa na maji machafu, na zaidi ya watu 10,000 walishukiwa kuugua.

Kwa hiyo anayechemsha hana kosa. Ila sufuria ina mipaka yake. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi sumu ambayo baadhi ya mwani hutoa, wala naitreti iliyopenya kutoka vyooni hadi kwenye chemchemi. Hiyo huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Na mkaa una mwisho wake pia. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, ambako misitu ilikuwa ikiteketea kuhudumia majiko ya mijini.

Jibu kubwa la serikali limekuwa mtambo wa Katosi wilayani Mukono, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 160 kwa siku, uliojengwa kwa fedha za wafadhili wa Ulaya. Uko mbali na ghuba na maji yake ni safi zaidi. Ni uamuzi sahihi, lakini una kishawishi ndani yake: jiji lililohamisha mdomo linaweza kusahau mkia. Kinachotoka Nakivubo hakisimami Ggaba.

Hapo ndipo suala linapovuka mpaka. Kisumu na Mwanza nazo hunywa ziwa hili, na bomba la Mwanza limefikisha maji yake hadi Shinyanga na Kahama. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini mwaka 2003, inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe, na Kamisheni ya bonde hilo ipo Kisumu. Kampala kwa sasa anayelipa ni mama wa Bwaise, kwa kopo la mkaa.

Kipimo cha karibu kiko Bugolobi. Mtambo mpya wa kusafisha majitaka umejengwa huko kwa ajili ya lita milioni 45 kwa siku, lakini kazi yake inategemea mabomba yanayoufikia. Kuunganisha nyumba moja moja katika mitaa iliyobanana ni kazi ya polepole, na haina utepe wa kukatwa na kiongozi. Mitaa hiyo isipounganishwa, mvua za masika zitaendelea kusomba yaliyomo vyooni hadi kwenye mtaro wa Nakivubo.