WOSHA YA MPIRA SI JAMBO DOGO



Mikutano yetu ya tawi huzungumza juu ya mishahara, nyumba na likizo, na ndivyo ipasavyo. Leo sisi wa Turbo twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama tuseme juu ya kitu kidogo ambacho hatujapata kukiona katika orodha ya madai yetu hata mara moja. Kitu hicho ni wosha ya mpira, yaani lile duara linalokaa mahali bomba moja linapokutana na lingine ili hewa, maji au mafuta yasitoke. Neno letu ni hili: mtu anayeunga mabomba kwa mikono yake ndiye anayejua kama kiungo kinavuja. Akisema kinavuja, kazi isimame mpaka wosha ibadilishwe, na yeye asipewe barua ya onyo kwa sababu ya kusema.

Huenda wenzetu wa ofisini wakacheka. Wavumilie kidogo, tuwaeleze jinsi kazi hii ilivyo.

Chuma cha bomba chenyewe hukaa miaka mingi. Kinachochoka ni kiungo. Fundi wa maji akiunga mabomba mawili yenye nyuzi, huzungusha katani au tepu juu ya nyuzi kisha hukaza kwa spana. Akitaka kiungo kitakachofunguliwa tena siku nyingine bila kukata bomba, hutia yunioni. (Ndiyo, mafundi hukiita kwa jina lile lile ambalo wazee wetu walikiita chama, na jina limekifaa: vipande viwili, na nati moja kubwa inayovivuta pamoja.) Mabomba makubwa ya mafuta huungwa kwa flenji, sahani mbili za chuma zinazotazamana, zimefungwa kwa bolti pande zote, na katikati yake kuna gaskiti. Bolti hizo hukazwa kwa kuvukana, moja huku na ya pili upande wa kuielekea, kidogo kidogo. Anayezikaza kwa kufuata duara huibana gaskiti upande mmoja na kuiacha imelegea upande mwingine, na kwa macho hutajua. Tena kuna viungo vya mkono wa chuma unaovikwa juu ya ncha mbili za bomba, na pete za mpira hubanwa humo kwa bolti. Hivi havitaki nyuzi wala kuchomelewa, na bomba likirefuka kwa jua au udongo ukisogea, mpira hufuata.

Katika hivyo vyote mna kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Chuma hushika. Mpira huziba. Kiungo chaweza kushikwa barabara na bado kikavuja, na mtu asiyejua ataongeza nguvu ya spana juu ya mpira uliokwisha kufa, mpaka avunje bolti.

Sisi wa reli tuna kiungo chetu, nacho ni mpira wa breki. Kila behewa lina bomba la hewa chini yake toka mbele mpaka nyuma, na kila mwisho una mpira wenye kichwa cha chuma. Vichwa viwili hukutana kama viganja vya mikono: huinuliwa, hulinganishwa, hushushwa, vikajifunga. Hakuna bolti. Mabehewa yakikatika njiani, vichwa hufunguka vyenyewe bila kung'oa bomba. Ndani ya kila kichwa mna wosha, na wosha mbili zikigusana sawasawa ndipo hewa inapozuiwa. Treni ya mabehewa 30 ina viungo 30 ukihesabu na kile cha injini, yaani wosha 60. Zikiwa 59 nzuri na moja mbaya, treni hiyo inavuja.

Bwana George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki ya hewa mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza ikawa ya kujishika yenyewe. Watu wasio wa reli hudhani kwamba dereva husukuma hewa nayo hewa ikasukuma breki, basi. Sivyo. Injini hulijaza bomba lote hewa, na kila behewa huweka akiba yake katika tangi dogo. Presha ya bomba ikishuka, vali ya behewa huifungua akiba ile na breki hushika. Kwa hiyo mpira ukipasuka, treni husimama yenyewe. Ni akili kubwa, nasi twaisifu.

Basi mtu atauliza: kama kuvuja kunasimamisha treni, hatari iko wapi? Iko mahali pawili. Kwanza, treni inayovuja hairuhusu kazi iendelee. Breki zashika bila kuamriwa, dereva analalamika, simu zinapigwa, na mtu mmoja aliyechoka, pengine bila kuulizwa na yeyote, anafunga koki ili safari iendelee. Koki ikifungwa katikati ya treni, mabehewa yote ya nyuma yake hayamsikii dereva tena. Pili, akiba ya tangi si ya milele. Treni iliyosimama na injini imezimwa huvuja kidogo kidogo katika kila wosha iliyochakaa, na ikikaa sana, hata ile akiba huisha, na breki zilizokuwa zimeshika zinaachia. Hakuna kelele wala moshi wa kukuamsha.

Ninyi mnaoijua njia yetu mwaelewa kwa nini twasema hivi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na kabla ya Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari. Toka huko ni kushuka: Eldoret, Turbo, Lugari, Webuye, Bungoma, mpaka Malaba. Baridi ya Timboroa alfajiri na jua la Malaba adhuhuri hupita juu ya mpira ule ule katika safari moja. Mpira uliopigwa namna hiyo miaka mingi huwa mgumu kama ukwato, hupasuka nyufa ndogo ndogo, na mchanga huingia humo.

Tarehe 6 Julai 2013, huko Kanada, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ilikuwa imeachwa imesimama juu ya mteremko. Moto mdogo ulitokea katika injini. Wazima moto wakaja, wakauzima, na injini nayo ikazimwa, kwa hiyo kompresa ikasimama. Hewa ikaanza kuvuja toka bomba la breki. Breki za mkono zilikuwa zimefungwa, lakini chache, hazikutosha kuushika uzito ule. Treni ikateremka bila mtu kilometa zipatazo 11 mpaka mji wa Lac-Mégantic, ikaanguka katikati ya mji, ikawaka. Watu 47 walikufa. Wafanyakazi watatu wa kampuni, dereva akiwa mmoja wao, walishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo, na mwezi wa Januari 2018 walionekana hawana hatia. Twawaomba mliangalie jambo hilo la mwisho. Miaka zaidi ya mitatu walikaa na kesi hiyo shingoni.

Karibu na kwetu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyojaa watu ilishindwa breki kwenye mwinuko karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma, ikarudi nyuma ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa wosha. Twasema kwamba juu ya mlima breki haina nafasi ya kujaribiwa mara ya pili, na kila kitu kinachoipunguzia nguvu kitazamwe treni ingali stesheni.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la reli peke yake. Hapa Turbo malori ya mafuta hupita barabarani mchana na usiku kwenda Malaba, kwa sababu bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978 kati ya Mombasa na Nairobi liliongezwa mwaka 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Bomba hilo lina flenji, na flenji zina gaskiti. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli ilivuja ikaingia katika mtaro wa maji, ikapita katikati ya nyumba za watu, ikashika moto. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, gaskiti ya vali ilishindwa na presha. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao watu wa mishahara midogo kama sisi, waliopanga mabanda ya mabati karibu na mtaro ule. Gaskiti! Kitu ambacho mtu hukitia katika mfuko wa koti.

Sasa tuseme juu ya mambo tunayoyaona sisi wenyewe. Katika kazi moja, ambayo hatutamtaja mwenyewe, iliombwa wosha mpya, jibu likaja kwamba zimeagizwa. Wiki zikapita. Vijana wakachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, wakakata maduara kwa kisu, wakayatia. Yaliziba asubuhi. Mpira wa namna ile ukiguswa na mafuta huvimba na kulainika, na siku chache baadaye viungo vilikuwa vinavuja kuliko mwanzo. Msimamizi aliwasifu vijana wale kwa ubunifu. Sisi hatukuwasifu, tuliwahurumia, maana siku ya ajali ingeulizwa nani alikata mpira wa tairi, isingeulizwa nani alikataa kununua wosha.

Sheria iko upande wetu zaidi ya wengi wetu wanavyojua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa au ya karibu, amweleze msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali pale wakati hatari ingalipo. Yakataza kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Tena yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ambayo wafanyakazi nao wanakaa ndani yake. Tuulizane kwa haki: ni wangapi kati yetu wamewahi kuiona kamati hiyo ikikaa? Na pale ilipo, ni nani aliyewahi kupeleka mbele yake neno juu ya mpira wa breki? Kulaumu wakubwa ni rahisi. Kuandika malalamiko yenye namba ya behewa, tarehe na saa kunahitaji mtu aliyekusudia.

Kwa hiyo twaomba chama kidai mambo haya. Kila stesheni ambapo treni huungwa iwe na sanduku la wosha zinazofaa kwa hewa, na nyingine zinazofaa kwa mafuta, zenye tarehe, maana mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Muda wa kujaribu breki uandikwe katika ratiba ya treni, usiibwe kutoka katika muda wa safari. Kupita mabehewa 30 kwa miguu, kutazama kila kiungo, kusikiliza, kupaka povu la sabuni mahali unapotia shaka, kisha kurudi, si kazi ya dakika tano, hasa usiku wa mvua. Kuwe na kitabu cha viungo vibovu, na anayeandika abaki na nakala. Na kijana asitumwe kuingia kati ya mabehewa kabla hajafundishwa na mtu anayeijua kazi, kwa sababu kichwa cha mpira wenye presha, ukiufungua kabla ya kufunga koki, hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Twajua yatakayosemwa. Wakubwa watasema treni zitachelewa. Kweli, siku za kwanza baadhi zitachelewa, kwa kuwa wosha za miaka mingi zitabadilishwa kwa wiki chache. Baada ya hapo treni isiyovuja hujaza hewa upesi na haisimami ovyo porini. Tena wako wenzetu wachache ambao watatumia wosha kama kisingizio cha kukaa kivulini. Hao nao twawajua, na kitabu kile kitawaonyesha, maana wosha iliyotolewa yaweza kushikwa mkononi ikatazamwa na kila mtu.

Hatuombi kitu cha gharama. Bei ya sanduku zima la wosha haifiki bei ya gurudumu moja la behewa.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaomba jambo hili liwekwe la kwanza, kabla ya habari za nyumba, watu wakiwa bado hawajachoka. Kila mwanachama anayefanya kazi ya kuunga mabehewa, mabomba ya maji au mipira ya malori ya mafuta aje na wosha mbovu aliyoitoa, ameifunga kwa karatasi yenye tarehe na mahali ilipotoka. Tutazipanga mezani mbele ya katibu azihesabu.

Ni sisi, wafanyakazi wa reli, Turbo.