Mursik Nayo Ipewe Heshima Mezani

Ndugu msomaji, je, wajua kwamba kuna watu jijini London wanaolipa zaidi ya pauni 100 kwa mlo mmoja tu wa Kijapani? Si uongo. Mkahawa uitwao Umu ulifunguliwa huko mwaka wa 2004, na mapishi yake ni ya mji wa Kyoto. Mlo wenyewe huitwa kaiseki. Vyakula huletwa kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine, kufuata majira ya mwaka, na kila kimoja kina chombo chake. Mgeni halishwi tu, anafunzwa kuheshimu anachokula.

Sasa tutazame kwetu Kericho na Bomet. Mursik pia ina ufundi wake. Mama huchoma kijiti cha senetwet, kisha husugua kwa kaa lake ndani ya sotet, yaani kibuyu. Ndipo humimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akayafunika kwa siku kadhaa. Ukionja tu, utajua kama kibuyu kilitunzwa. Na wanariadha wetu wakirudi na medali, hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik hiyo hiyo.

Lakini picha zikishapigwa, je? Mursik inarudi kuuzwa kwenye chupa kuukuu ya soda, na mgeni wa heshima anawekewa chipsi na kuku. Eti kimyet ya wimbi na mboga za isageek ni vyakula vya kijijini! Hiyo ni kasumba, wenzangu.

Wengine watasema chakula chetu ni cha kawaida mno. Kwani hawajui kwamba hata kaiseki ilianza kama mlo mdogo wa kutuliza tumbo kabla ya sherehe ya chai? Wajapani waliutunza, na mwaka wa 2013 UNESCO iliutambua upishi wao, washoku, kuwa urithi wa binadamu. Kenya nayo ilitambuliwa mwaka wa 2021 kwa juhudi za kuhifadhi vyakula vya asili. Basi twangoja nini?

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza. Sawa, lakini chema kilichofichwa jikoni kitauzwa na nani? Maoni yangu ni kwamba wenye hoteli waiandike mursik kwenye orodha ya vyakula, waimimine kutoka kwenye sotet mbele ya mgeni, na wamlipe vizuri mama aliyeitengeneza. Nasi vijana tuache kuona haya. Twende kwa nyanya zetu tukajifunze, maana wakituacha, ujuzi huo hatutaupata dukani.