Kabla Hujainua Gari, Chukua Kalamu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya kompyuta na simu, na leo nawaletea springi na tairi. Nivumilieni kidogo, mtaona tunaishia pale pale.

Nina Suzuki Jimny ya mwaka 2008. Mwaka 2023 nilishikwa na ile homa inayowashika wenye magari ya namna hii: nikataka kuliinua. Nilikuwa nimeangalia picha za magari ya Rhino Charge hadi usiku wa manane, na kila nikilitazama langu naliona limechuchumaa. Nikanunua springi za kuinua sentimita 5 pamoja na shokamzoba ndefu, nikampelekea fundi asubuhi, na kufikia saa kumi jioni gari lilikuwa limesimama kama jogoo. Nikapiga picha, nikatumia marafiki.

Jumamosi iliyofuata nikampeleka mama nyumbani Machakos. Tulikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tairi ya mbele ikaingia kwenye shimo dogo tu, na usukani ukaanza kutetemeka kushoto kulia mpaka mikono ikauma. Nilipunguza mwendo taratibu, lori likiwa nyuma yangu, hadi likatulia. Mama alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Mwanangu, gari limelewa?" Tulipofika hakuweza kushuka. Magoti yake hayakukubali urefu ule, ikabidi aletewe kigoda cha jikoni.

Simlaumu fundi. Alifanya nilichomwambia. Kosa ni langu, kwa sababu nilianza na sentimita badala ya kuanza na kazi. Maoni yangu leo ni haya: katika kupanga, kuinua gari ni jambo la mwisho, si la kwanza.

Tuangalie kilichotokea. Ekseli ya mbele ya Jimny ni moja nzima, imeshikwa na mikono miwili inayoenda nyuma kwenye chesisi. Ukiinua chesisi, mikono ile inainama na ekseli inajizungusha kidogo kuelekea mbele. Tazama uma wa baiskeli: umelala kidogo, ndiyo maana baiskeli inajinyoosha yenyewe ikienda mbele. Gari nalo lina mlalo huo. Ukiupunguza, usukani unakuwa mwepesi na hautaki kurudi katikati, na bushi zikiwa zimechoka, kama zilivyokuwa zangu, shimo moja linatosha kuanzisha ngoma. Dawa yake ni bushi maalumu za kurudisha mlalo ule. Sikuzinunua kwa sababu sikujua zipo.

Si hilo tu. Kuna chuma kinachovuka kutoka chesisi hadi kwenye ekseli ili isiyumbe kando. Gari likipanda, chuma hicho kinasimama zaidi na kuivuta ekseli upande mmoja, basi unahitaji kile cha kurekebishika. Mipira ya breki nayo ilikatwa kwa urefu wa zamani. Ukiweka shokamzoba ndefu, ekseli inashuka zaidi gurudumu likining'inia hewani, na mpira wa breki ndio unaobaki umebeba mzigo! Propela inabadilisha pembe, inaweza kuanza kutetemesha sakafu. Taa zinapiga machoni mwa wenzako hadi uzishushe. Sisi tunaoandika programu tunalijua hili vizuri: unabadilisha mstari mmoja chini kabisa, na vitu kumi vilivyokaa juu yake vinaanguka.

Na faida? Hapa ndipo wengi tunadanganyana. Springi ndefu zinainua chesisi na tumbo la gari. Haziinui difu, kwa sababu difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa. Fanya hesabu: tairi za kawaida za gari langu ni 205/70R15, kipenyo kama milimita 668. Ukiweka 215/75R15 unapata kama milimita 703. Nusu ya tofauti ndiyo inayoingia chini ya difu, karibu milimita 18. Si nyingi, lakini ni za kweli. Gharama yake ni kwamba spidomita ikisoma 80 wewe uko kwenye 84.

Tena Jimny ni jembamba, kutoka gurudumu hadi gurudumu takriban mita 1.36. Kila sentimita unayoongeza juu inaondoa kitu kwenye kona. Ukiwa na mizigo juu ya paa, hesabu inazidi kuwa mbaya.

Basi kabla hujatoa pesa, kaa chini na kalamu. Andika unaenda wapi kwa mwaka mzima, si unapoota kwenda. Andika gari linabeba nani na kilo ngapi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, likiwa tupu na likiwa limepakiwa. Springi huchaguliwa kwa uzito: zile ngumu za kubeba winchi na bampa ya chuma, ukizifunga kwenye gari tupu, utapanda kama uko kwenye mkokoteni. Anayekwenda Chalbi na mapipa ya maji na mafuta anahitaji springi za kubeba zaidi ya springi za kurefuka. Kisha andika orodha nzima ya vitakavyofuata na bei zake. Kama pesa inatosha springi tu, basi haitoshi.

Ukiamua kuendelea, mwambie fundi akaze boliti za bushi gari likiwa chini kwa uzito wake, si likiwa kwenye jeki. Pima magurudumu upya. Kaguo la boliti lirudiwe baada ya kilomita mia chache. Na waambie watu wa bima kabla ya ajali, si baada.

Mimi nilirudi nyuma. Nilikuwa nimeweka springi za zamani chini ya kitanda, kama mtu mwenye akili anavyoweka nakala ya akiba. Nikazirudisha, nikabadilisha bushi zilizochoka, nikaweka tairi zile za 215. Zinagusa kidogo ndani nikikata usukani hadi mwisho, basi. Tumbo limekwaruza mawe mara mbili kwenye njia ya Suswa, na hakuna aliyekufa.

Magari ya Rhino Charge yamejengwa kwa kazi moja, na wanaoyaendesha wanaijua kazi hiyo. Langu lina kazi nyingine. Mwezi uliopita mama alipanda mwenyewe, akafunga mkanda, akaniambia, "Sasa hili limepona."

Mwenye mawazo tofauti aseme. Ila aje na vipimo, si picha.