Mifupa Mizito na Hoja Nyingine za Kijiweni

Kila video ya mpiga mbizi Jennifer Abel inapopita kwenye simu za watu hapa Kiwalani, kijiwe kinageuka jopo la majaji. Dada mweusi, vazi la kuogelea lenye jani la Canada, anasimama kwenye ncha ya ubao, ananesa, anaruka, anajikunja hewani, anaingia majini karibu bila kurusha tone. Kabla maji hayajatulia, hukumu zimeshatoka. Nimezisikia kiasi cha kuzijua kwa mpangilio wake, na nyingi hazina miguu. Nazijibu hapa, ingawa si zote zinastahili jibu refu.

"Mtu mweusi haelei, mifupa yetu mizito."

Hili ndilo kubwa lao, na huwa linatolewa kwa utulivu mkubwa na mtu ambaye mjomba wake ni mvuvi. Tuanze na mwili wenyewe. Mapafu ya mtu mzima yakijaa hubeba lita nne hadi sita za hewa, na ndani ya maji kila lita ya hewa humwinua mtu kwa karibu kilo moja. Ongeza mafuta ya mwilini, ambayo ni mepesi kuliko maji, utaona kwamba tofauti ndogo ya uzito wa mifupa kati ya mtu na mtu haifui dafu. Asiyejua kuogelea huzama kwa sababu ya hofu: anatapatapa, anapiga kelele, hewa inamtoka, maji yanaingia. Hilo humpata Mzungu, Mchina na Mzaramo sawasawa.

Sasa ushahidi wa macho. Enith Brigitha, mzaliwa wa Curaçao aliyeogelea chini ya bendera ya Uholanzi, alichukua shaba mbili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka 1988 kule Seoul, Anthony Nesty wa Suriname alimpiku Mmarekani Matt Biondi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde kwenye mita 100 za mtindo wa kipepeo, akaondoka na dhahabu. Rio 2016, Mmarekani Simone Manuel alipata dhahabu ya mita 100 mtindo huru, akaigawana na Mkanada Penny Oleksiak kwa kuwa waligusa ukuta kwa muda uleule. Na kabla ya hao wote, Wakojani wa Pemba wamekuwa wakizama kuwafukuzia samaki nyavuni katika pwani hii yetu, bila kumuuliza daktari mifupa yao ina uzito gani.

Hadithi hii ya mifupa ina kwao. Marekani, kwa miongo mingi, watu weusi walizuiwa kuingia kwenye mabwawa ya umma. Watoto wao hawakujifunza kuogelea, wajukuu wakakosa wa kuwafundisha, kisha wakaambiwa kwamba ni maumbile yao. Sisi tumeuchukua uongo huo kama mtumba, ukiwa umeshavaliwa na wengine, tukaupiga pasi na kuuita sayansi.

Tena hoja imekosea mlango. Abel, mzaliwa wa Montreal mwenye asili ya Haiti, hakuwa anashindana kuelea. Mchezo wake ni kuzama, na kuzama kwa adabu. Kama mifupa mizito ingekuwa na maana yoyote, ingekuwa msaada.

"Makachu wa Forodhani wanamzidi. Wapeni tiketi tu."

Hapa sitapinga kila kitu. Nawapenda makachu. Ukienda Forodhani, Unguja, jioni maji yakiwa yamejaa, utawaona wakija mbio, mguu wa mwisho ukingoni mwa ukuta, kisha wanapinduka hewani mbele ya watalii wenye kamera. Ujasiri wanao. Kujua mwili uko wapi ukiwa kichwa chini, wanako. Kocha yeyote angefurahi kuanza na kijana wa namna hiyo.

Lakini angalia kinachohesabiwa. Makachu anasifiwa maji yakiruka juu kama bomu. Abel kwa maji hayo hayo angepoteza pointi. Makachu anaruka kutoka ukuta usiotikisika; Abel anaruka kutoka ubao wa aluminiamu usiofika mita tano kwa urefu, ulio mita tatu juu ya maji, unaonesa, wenye gurudumu chini yake analolisogeza kwa unyayo kabla ya kuruka ili apate mneso anaoutaka. Akikosea hatua ya mwisho kwa kiasi cha upana wa kiganja, ubao unamrusha vibaya. Toka hapo ana kama sekunde moja na nusu: apande, ajikunje, azunguke mara mbili na nusu au tatu na nusu, ajifungue, anyooshe mikono, aingie wima.

Majaji saba wanatoa alama kutoka sifuri hadi kumi. Alama mbili za juu na mbili za chini zinafutwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa, kisha jumla inazidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko. Mizunguko mitatu na nusu kwenda mbele, mwili ukiwa umekunjwa kiunoni na magoti yamenyooka, ina ugumu wa 3.1. Majaji watatu wa katikati wakikupa nane nane, una 24 mara 3.1, yaani 74.4. Na ugumu huo unautangaza mapema. Huwezi kufika ubaoni ukabadilisha mawazo kwa kuwa watalii wamekuja wengi.

Anayedhani ni kuruka tu amuulize Pamela Ware, Mkanada mwenzake Abel. Nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, mruko wa mwisho, mwendo ukamharibikia ubaoni. Akaingia majini kwa miguu. Sifuri. Fainali ikamwisha pale pale, na huyo ni mtu aliyekulia kwenye ubao.

Kwa hiyo hapana, tiketi peke yake haitoshi. Ila anayesema Mwafrika hawezi kabisa naye akae chini: Evan Stewart wa Zimbabwe alikuwa bingwa wa dunia wa ubao wa mita moja mwaka 1994, Roma.

"Ni mchezo wa kike." Alexandre Despatie, mwanamume, Mkanada, fedha ya ubao wa mita tatu Athens 2004 na Beijing 2008. Tuendelee.

"Canada wana maji kila mahali, ndiyo maana."

Wanayo, na sehemu kubwa ya mwaka maji mengi yamegeuka barafu. Hakuna anayejifunza kuruka ubao ziwani mwezi Januari Quebec. Wanajifunza ndani ya jengo, kwenye bwawa lenye maji yaliyopashwa joto, lenye trampolini pembeni, mikanda ya kumning'iniza anayejifunza kuzunguka, na mashine ya kutoa mapovu chini ya maji ili anayeanguka vibaya asiumie sana. Dar es Salaam tuna bahari ya joto mwaka mzima. Kama hoja ingekuwa maji, medali zingekuwa Kigamboni.

Bwawa la Montreal lina kisa kinachotugusa. Lilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1976, ileile ambayo Tanzania iliisusia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kupinga New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu 1974, hakwenda. Ulikuwa uamuzi wa heshima na gharama yake ilikuwa kubwa. Michezo ikaisha, wageni wakarudi kwao, bwawa likabaki, na watoto wa mji wakaanza kulitumia. Mwaka 1984 Sylvie Bernier, kutoka Quebec, akapata dhahabu ya ubao wa mita tatu kule Los Angeles. Baadaye wakaja Despatie, Émilie Heymans, kisha Abel. Mnaona mfululizo? Si wa damu, ni wa mabwawa yaliyojengwa na kuachwa wazi.

"Olimpiki nne, hana hata dhahabu. Kashindwa."

Hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanaojua michezo.

Abel alikwenda Beijing 2008 akiwa na miaka 16. London 2012 alipata shaba akiruka sambamba na Heymans, na kwa shaba hiyo Heymans akawa mpiga mbizi wa kwanza mwanamke kupata medali katika Olimpiki nne mfululizo. Rio 2016, Abel alikuwa wa nne mara mbili: peke yake, na sambamba na Ware. Kwenye sambamba walikosa shaba kwa chini ya pointi moja. Fikiria hesabu niliyoonyesha hapo juu: pengo hilo halizidi nusu alama ya jaji mmoja, kidole cha mguu kisichonyooka. Mtu wa kawaida angeacha. Yeye alibadilisha mwenzi, akaruka na Mélissa Citrini-Beaulieu, wakapata fedha za dunia 2017 na 2019, na Julai 2021 huko Tokyo wakapata fedha ya Olimpiki. Umri wake miaka 29.

Na dhahabu ilikwenda kwa nani? China. Hapo ndipo kijiwe kinapaswa kunyamaza kidogo. Dhahabu ya wanawake ya ubao wa mita tatu, kwa mrukaji mmoja mmoja, imechukuliwa na China katika kila Olimpiki tangu 1988 hadi Paris 2024. Kila moja. Huko Paris walizoa dhahabu zote nane za mchezo huu. Wa mwisho kuwatangulia ni yuleyule Bernier wa 1984. Kumwita Abel aliyeshindwa kwa kuwa wa pili nyuma ya hao ni kutojua alikuwa anashindana na nini.

Halafu tujiangalie. Tanzania nzima, tangu tuanze kwenda Olimpiki, ina medali mbili, zote fedha, zote za Moscow 1980: Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Nani kijiweni amewahi kusema Bayi kashindwa? Na Rio ileile ambayo Abel alikuwa wa nne, Alphonce Simbu wetu alikuwa wa tano kwenye marathoni. Tulimpa pole na pongezi kwa pamoja, tukamsubiri, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia, Tokyo, kwa picha ya kamera ya mstari wa mwisho. Subira tuliyompa Simbu tumnyime Mkanada kwa lipi?

"Fedha moja ya Olimpiki, anajenga ghorofa Masaki."

Kamati ya Olimpiki ya Canada hutoa dola 15,000 za Canada kwa medali ya fedha, na 10,000 kwa shaba. Ghorofa la Masaki hapo hulipati, labda uzio wake. Wanamichezo wao wa ngazi ya juu hupewa pia posho ya serikali ya kila mwezi ya kujikimu, si ya kutajirika. Anayetafuta utajiri wa haraka aachane na ubao.

"Hatari tupu. Kwa nini mtoto wangu ajifunze kufa?"

Hatari ipo, sifichi. Seoul 1988 Greg Louganis wa Marekani aligonga kichwa kwenye ubao, akashonwa, akarudi na kuchukua dhahabu. Despatie aligonga kichwa mazoezini wiki chache kabla ya London 2012. Lakini pale bwawani kuna kocha, kuna kina kinachojulikana, kuna mtu anayejua la kufanya ukigonga.

Watoto wetu wanaogelea wapi? Mvua ikinyesha, wanaogelea kwenye mashimo yaliyojaa maji ya matope, bila kujua kina wala kilichomo chini. Au wanashuka Msimbazi, upande wa Vingunguti, kwenye maji ambayo mtu mzima hawezi hata kunawia miguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi yetu ina ajali za majini za MV Bukoba, Spice Islander na MV Nyerere kwenye kumbukumbu yake, na bado kujua kuogelea tunakuita anasa ya wenye nazo.

Wenye nazo wanajua si anasa. Mashindano ya kuogelea ya kitaifa yamekuwa yakifanyika kwenye mabwawa ya shule za kulipia, upande wa Masaki na kwingineko. Hilal Hemed Hilal na Magdalena Moshi walituwakilisha Rio. Collins Saliboko na Sophia Latiff wakaenda Paris 2024. Nawapongeza kwa dhati. Wote ni waogeleaji. Mrukaji wa ubao hatuna hata mmoja, na hapa Kiwalani, ambako ndege zinashuka juu ya mabati yetu siku nzima, mtoto anaweza kumaliza darasa la saba bila kuliona bwawa la kuogelea kwa macho.

Basi wataalamu wangu wa kijiweni, acheni mifupa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nyoosheni mkono mumuulize diwani wetu: katika maeneo ya wazi yaliyobaki kata hii kabla hayajavamiwa, lipi linaweza kutengwa kwa bwawa la umma la mita 25, lenye uzio, mwalimu na kiingilio cha mia tano? Ubao tutaudai baadaye.